Sabuni na Kasuku wa Mkunga

Mama mdogo wangu anaogopa ndege. Mbwa hawaogopi: amefanya kazi katika nyumba zenye mbwa wakubwa kama ndama, akawapita na ndoo yake mkononi huku akiwakaripia kama watoto watukutu. Nyoka aliwahi kumkuta stoo, akamtoa kwa fagio na kuendelea na kazi. Lakini mweke karibu na ndege wa kufugwa, hata kama ni mdogo wa kuingia kiganjani, utamwona anapunguza sauti, anatembea kwa ncha za vidole, na macho yake hayatulii mpaka atoke katika nyumba hiyo.

Kazi yake ni kusafisha nyumba za watu, hasa sakafu. Wenzake walimpa jina la Sabuni tangu ujana wake, kwa kuwa hata siku ya mapumziko harufu ya sabuni humtangulia mlangoni. Jina likamganda. Sisi watoto wa dada yake tunamwita Mama Sabuni, naye huitika bila kinyongo, ila hutukumbusha kwamba wapo watu katika ukoo wetu ambao wangefaidika kama wangenukia kama yeye.

Aliyemfundisha kazi ni mwanamke wa makamo aliyejulikana kwa jina la Mama Ndoo. Mama Ndoo alikuwa na sheria nyingi, lakini mbili alizirudia kila siku. Ya kwanza: sakafu isiyonukia haijasafishwa. Mwenye nyumba hapigi magoti kukagua nyuma ya kabati. Anafungua mlango, anavuta pumzi, na pua yake ndiyo inayotoa hukumu. Ya pili: ukiingia nyumba yenye ndege, kabla hujagusa fagio, funga madirisha. Ndege akiruka nje, ameruka na kazi yako. Ukizitazama moja moja, sheria hizo zote zina akili. Hakuna aliyewahi kuzitazama pamoja.

Nyumba ya kwanza yenye ndege ambayo Sabuni alipata kazi ilikuwa ya familia yenye watoto wa shule na chiriku wawili wa njano. Siku moja alifunga madirisha yote ya sebuleni kama alivyofundishwa, akapaka sakafu ya mbao dawa ya kung'arisha, ile ya kopo, akasugua mpaka mbao zikaonyesha miguu ya viti kichwa chini. Macho yalimchonyota na kichwa kikamgonga, kama kila mara akitumia dawa ile. Watu wa usafi wote wanakijua kichwa hicho. Wanakihesabu kuwa sehemu ya kazi, kama magoti kuota sugu. Alipomaliza alikwenda jikoni, akafungua kidirisha cha huko ili apumue kidogo. Aliporudi sebuleni chiriku mmoja alikuwa amelala chini ya tundu, miguu juu. Wa pili alikufa mbele ya macho yake, mdomo wazi, akitafuta kitu ambacho Sabuni hakukiona.

Watoto waliporudi kutoka shule walilia mpaka wakapata kwikwi. Mama yao hakulia. Alimtazama Sabuni mikono, si uso, akasema kwamba mambo mengine hayahitaji kuchunguzwa sana, mkono wake una mkosi, asirudi tena. Neno hilo likasambaa mtaani upesi kuliko moshi wa jikoni.

Jambo hili linanichoma mpaka leo. Mtu anauziwa sumu katika kopo lisilo na hata mstari mmoja wa onyo, anaivuta kwa mapafu yake mwaka baada ya mwaka, na siku viumbe wanapokufa, kinachotiwa hatiani ni mkono wake. Kopo halikuulizwa swali hata moja. Lilirudishwa chini ya sinki, likakaa pale kwa heshima zake zote.

Na yeye mwenyewe, katika kutafuta sababu, alikamata ile aliyoiona kwa macho: kile kidirisha cha jikoni. Ni upepo, alisema. Niliacha upepo wa baridi ukaingia, ukawapiga vifua. Tangu siku hiyo alibeba hofu mbili. Huenda kweli ana mkosi. Na kama hana, basi ni upepo uliowaua, na yeye ndiye aliyeufungulia.

Kwa muda mrefu aliuliza kwanza kabla ya kukubali kazi: kuna ndege? Akiambiwa wapo, alitoa udhuru. Kisha kazi zikaadimika, na rafiki yake mmoja, fundi cherehani, akamwelekeza kwa jirani yake, mkunga mstaafu ambaye magoti yalikuwa yamemgomea. Mkunga huyo, mwanamke mrefu mwenye viganja vipana na maneno machache, alimpokea barazani. Walikubaliana haraka. Sabuni alifurahi kiasi kwamba alisahau kuuliza lile swali lake. Alivuka kizingiti na ndoo mkononi, na kutoka pembeni mwa sebule akasikia sauti ya kibibi ikimwamuru: "Sukuma!"

Ndoo ilimponyoka.

Alikuwa kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, tundu lake refu kama kabati la vyombo. Kwa miaka mingi wanawake wa mtaa, wakikamatwa na uchungu njiani au gari likikosekana, waliishia katika chumba cha nyuma cha Mkunga, na kasuku kwa upande wake wa ukuta alisikia yote akajifunza. Alijua kusema "sukuma, mama, sukuma", alijua kusema "usikaze uso, uso hauzai", na alijua kulia kama mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Mkunga alieleza haya kwa fahari ya mama mwenye mtoto mwenye akili darasani.

Pale pale Sabuni angesema. Angesema kwamba yupo ndege mwingine, wapo wawili, waliokufa akiwa chumba kimoja nao. Lakini ulimi ulimlalia mdomoni. Jioni alikuja kwetu, akamsimulia mama yangu, dada yake. Mama akamwambia arudi kesho akaseme ukweli kabla jambo halijaharibika.

"Dada," alijibu, "nikisema, nitafukuzwa kabla sijafuta hata kizingiti."

Basi akaanza kazi na siri yake. Wengi wetu tunadhani hofu ni ya dakika moja, gari linapokukosa kidogo. Ipo hofu nyingine, ile unayovaa asubuhi pamoja na aproni. Sabuni alikuwa akifagia na kusikiliza, akifuta na kusikiliza. Kasuku akipiga chafya, moyo wake ulipotea njia. Kasuku akinyamaza, alisimama na fagio hewani mpaka asikie tena makucha kwenye kijiti. Yule ndege, ambaye hakujua kwamba anaogopwa, alimpenda. Sabuni akipiga magoti kusugua, alisogea upande wa tundu uliokuwa karibu naye, akainamisha kichwa, akamhimiza: sukuma, mama, sukuma. Mwanamke anayetetemeka kwa hofu hucheka kwa shida, lakini alicheka.

Mkunga alipenda madirisha yawe wazi. Ila kila alipokwenda kliniki kunyooshwa magoti, Sabuni alibaki peke yake, na hapo aliyafunga yote, moja baada ya jingine, akashindilia kitambaa chini ya mlango wa mbele upepo usipate hata upenyo wa uzi. Kabla Mkunga hajarudi, aliyafungua tena. Aliyeumwa na nyoka, wanasema, akiona ung'ongo hushtuka. Mama mdogo aliuona ung'ongo kila mahali, lakini bado hakuwa amemtambua nyoka mwenyewe.

Kwa sakafu, Mkunga alikuwa amempa maagizo mafupi: maji kidogo, kitambaa kilichokamuliwa, basi. Hakueleza sababu. Sabuni aliona huo ni ubahili wa kizee; tangu utotoni alijua kwamba usafi ni maji. Mkunga akiwa hayupo, aliyamwaga kwa ukarimu. Mbao ngumu ni mbao bado, zinakunywa. Baada ya muda ubao mmoja, karibu na tundu, ulianza kuinua kingo kama jalada la kitabu kilicholowa, na doa la kijivu likauzunguka. Sabuni aliuona. Alisogeza kigoda juu yake. Siku iliyofuata alisogeza kigoda na kapu. Alipoona samani zinakwisha na doa linaendelea, alikimbilia kwa Mama Ndoo.

Mama Ndoo alisikiliza, akaingia ndani, akatoka na kopo la dawa ya kung'arisha, lisilo na karatasi wala maandishi, limejazwa kutoka dumu sokoni. Akamwambia hiyo inaficha dhambi zote za mbao, za kwake na za waliomtangulia.

Sitamlaumu Mama Ndoo. Alimpa mwenzake kitu bora alichokuwa nacho.

Asubuhi ya siku ile Mkunga aliondoka kwenda kliniki na fimbo yake. Sabuni alisubiri sauti ya fimbo ipotee barabarani. Akafunga madirisha. Akashindilia kitambaa chini ya mlango. Akavuta na pazia, kwa kuwa nje kulikuwa na upepo zaidi ya kawaida na majani ya miti yalikuwa yakigeuka upande mweupe. Kisha akafungua kopo.

Alianza na ule ubao, akiwa amepiga magoti chini ya tundu lenyewe. Dawa iliingia katika mbao vizuri, doa likafifia, na kwa kitambo alisahau hofu yake; hakuna mtu wa kazi asiyefurahi kuona kitu kibovu kinapona chini ya mkono wake. Alipomaliza ubao mmoja, ukawa unang'aa kuliko wenzake, ikabidi apake wa pili ufanane nao, na wa tatu, na hatimaye akapaka chumba kizima. Harufu ilipanda. Macho yakamchonyota. Kasuku alimhimiza mara mbili tatu kwa sauti iliyokwaruza, kisha akaacha.

Sabuni alikuwa upande wa pili wa chumba alipogundua kwamba hasikii makucha.

Aligeuka polepole, kama mtu anayejua kilichoko nyuma yake. Kasuku alikuwa amejivimbisha manyoya yote, amekuwa mviringo kama mpira, macho amefumba nusu. Mdomo ulikuwa wazi. Na mkia ule mwekundu ulikuwa ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka, kwa kila pumzi, kama mpini wa pampu ya kisima.

Mdomo ule aliwahi kuuona.

Aliniambia kwamba hakupiga kelele. Alizunguka chumba akipapasa kila dirisha, ni wapi, ni wapi upepo unapita. Hakukuta upenyo. Akavua kitambaa chake cha kichwani, akakichomeka kwenye tundu la ufunguo. Akakimbilia chumbani akaleta blanketi, akalifunika tundu lote ili ndege apate joto. Chini ya blanketi alisikia kitu kikianguka kutoka kwenye kijiti. Aliinua pindo. Kasuku alikuwa chini, amejishikilia kwenye nyaya kwa mdomo, kama mtu aliyening'inia ukingoni mwa shimo. Kichwa cha Sabuni kilikuwa kinazunguka, na alidhani ni hofu tu. Alikaa sakafuni pale pale kwenye mbao zinazong'aa, akalikumbatia tundu na blanketi lake, akaomba. Hakuomba ndege apone. Aliomba mkono wake usiwe ndio.

Hivyo ndivyo Mkunga alivyomkuta, kwa kuwa kliniki siku hiyo foleni ilikuwa fupi. Alisukuma mlango, kitambaa kikakaza, akausukuma kwa bega. Harufu ilimpiga akarudi nyuma hatua moja, akafunika pua kwa kiganja. Kisha akaingia na viatu vyake vya barabarani juu ya dawa mbichi, akaliondoa blanketi, akatazama ndege kwa kitambo kifupi sana. Fimbo akaiacha ianguke. Alilinyanyua tundu kwa mikono miwili, magoti yake mabovu yakakubali, akageuka kuelekea mlango wa uani.

Sabuni alikuwa amefika mlangoni kabla yake. Alisimama katikati, ameshika miimo pande zote mbili.

"Mama, usimtoe nje. Upepo utamuua."

"Toka mlangoni, mwanangu."

"Nakuomba. Mfunike, apate joto. Wale wengine waliuawa na upepo."

Mkunga alisimama. "Wengine gani?"

Hivyo siri ikatoka, mlangoni, vipande vipande, huku mkia ukipanda na kushuka kati yao. Chiriku. Wawili. Nyumba niliyotoka. Sikukuambia. Watu wanasema mkono wangu, Mama, mkono wangu una mkosi. Alikuwa akilia na hakutoa mikono kwenye miimo.

Mkunga hakupandisha sauti. Waliozalishwa naye wanasema kadiri hatari ilivyozidi ndivyo sauti yake ilivyoshuka, na siku hiyo ilishuka mpaka chini kabisa.

"Nimepokea watoto waliotoka wa buluu kama wino. Hakuna hata mmoja niliyemwokoa kwa kumnyima hewa. Toka mlangoni."

Sabuni hakuamini. Anasisitiza hilo kila anaposimulia: hakuamini hata neno moja. Alichoona ni mwanamke anayetaka kumpeleka ndege wake kwenye kifo, na kwamba ndege ni wake, na kwamba yeye, Sabuni, hana tena haki ya kumlinda mtu yeyote na kitu chochote. Alijisogeza kando kama anayepisha jeneza.

Uani palikuwa na kivuli cha ukuta na upepo wa kutosha kuanika nguo. Mkunga aliliweka tundu juu ya benchi, akaketi kando. Akamwambia Sabuni arudi ndani afungue kila kitu kinachofunguka, na atoke mara moja asikae humo. Sabuni alitii. Kila kitasa alichogeuza alihisi anageuza shingo ya ndege. Alirudi akachuchumaa mbali, mgongo ukutani. Kila upepo ulipovuma na kufumua manyoya ya kasuku, alifumba macho, akayafumbua akitegemea kuona miguu juu.

Miguu haikuwa juu. Mkia ulikuwa bado ukipanda na kushuka. Upepo mwingine ukaja. Mkia ukapanda na kushuka, safari hii taratibu kidogo, au alidhani hivyo. Mkunga hakumwangalia Sabuni hata mara moja. Alikuwa akitazama kifua cha ndege kwa jicho lililokwishatazama vifua vidogo vingi. Katikati ya hayo yote alipiga simu kwa daktari wa mifugo, ambaye alimwambia wasimnyweshe kitu kwa nguvu, wasimshikeshike, wamwache penye hewa safi na utulivu mpaka afike.

Daktari alikuja mchana, mtu wa kuku na ng'ombe zaidi kuliko kasuku, na alikiri mwenyewe. Lakini kuhusu pumzi ya ndege alijua vya kutosha. Alimweka kiganjani, akasikiliza, akasema ndege hapumui kama sisi: hewa inapita mwilini mwake kwenye mifuko kifuani na tumboni, anaichota yote, iliyo safi na iliyo chafu. Kinachomfanya mtu aumwe kichwa kinaweza kumwua ndege kabla mtu hajaenda kutafuta kidonge. Aliomba aone dawa iliyopakwa sakafuni. Sabuni alimletea kopo. Daktari aliligeuza huku na huku akitafuta maandishi, akalinusa kwa mbali, akauliza madirisha yalikuwaje.

"Nilifunga," alisema Sabuni. "Yote."

Daktari akaguna tu. Alisema kasuku ana nafasi, lakini asingeapa mpaka kesho.

Alipoondoka, walibaki wawili na ndege uani. Kasuku alikuwa amepanda kijiti cha chini, bado amejivimbisha, mdomo umefungwa sasa. Mkunga ndipo akamgeukia.

"Wale chiriku uliwaua wewe," alisema. "Sitakudanganya. Lakini mkono wako hauna kitu. Ulikuwa na kopo, na chumba ulichokiziba. Mkosi hauna dawa, mwanangu. Hivi vina dawa."

Ungedhani hapo mama mdogo angeshusha pumzi. Haikuwa hivyo. Kwa miaka yote alikuwa amewalilia wale chiriku kama mtu aliyepatwa na ajali; sasa aliwalilia kama mtu aliyewafanyia jambo. Aliwakumbuka mmoja mmoja, na aliona wazi kile walichokuwa wakikitafuta kwa midomo yao, kilikuwa upande wa pili wa kioo, na ni yeye aliyekifungia nje. Mkunga alimwacha alie. Halafu akamwambia kwamba na yeye ana lake: alitoa amri ya maji kidogo na kitambaa kilichokamuliwa bila kusema kwa nini, kama daktari anayekupa dawa na kukuona mjinga ukiuliza, naye alikuwa ameapa ujanani kutokuwa mtu wa namna hiyo. Kisha, kwa sauti ile ile, akaongeza kuwa ule ubao aliuona siku nyingi, pamoja na kigoda na kapu, na alikuwa akingoja kuona kesho yake ni kiti kipi kitahamia pale.

Kasuku alilala kwa fundi cherehani, nyumba ya pili, mpaka sebule ya Mkunga ilipotakata. Ilichukua muda. Dawa iliyoingia kwenye mbao haitoki kwa siku moja. Sabuni aliipangusa tena na tena kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni isiyo na manukato, kitambaa amekikamua mpaka hakidondoshi, akifuata mkondo wa mbao, na kitambaa cha pili kikavu nyuma yake. Madirisha yalibaki wazi kutwa. Seremala alikuja akayapigilia nyavu. Kila asubuhi Mkunga alijaribu kuinama anuse sakafu, magoti yakamkatalia njiani, akamwagiza Sabuni alale chini anuse kwa niaba yake. Kopo lilipelekwa kwa Mama Ndoo na maelezo kamili. Mama Ndoo alisikiliza hadi mwisho, akauliza nyumba gani nyingine kati ya zile wanazosafisha zina ndege, na wakaanza kuzitaja.

Siku ndege aliporudishwa, Mkunga alichukua fimbo yake na kusema anakwenda kliniki. Sabuni alikuwa amekwisha kufikiria jambo hilo. Alimwomba awe anakuja siku ambazo Mkunga yupo nyumbani, hata kama ni Jumapili, hata kama ni asubuhi na mapema kabla ya nyumba zake nyingine. Asibaki tena peke yake na ndege.

"Hapana," alisema Mkunga. "Nikikaa hapa nikulinde, utaamini mimi ndiye ninayemweka hai."

Akaondoka. Sabuni alisikiliza fimbo ikipotea barabarani, na palepale akaanza kusikiliza makucha, kama zamani, kama vile hakuna aliyewahi kumweleza chochote. Hofu haisikii maelezo. Alilibeba tundu hadi chumba cha nyuma, akafungua dirisha la huko lenye wavu, akafunga mlango wa katikati. Akarudi sebuleni, akafagia kwa ufagio laini, akalowesha kitambaa, akakikamua. Kila alipofika mwisho wa ubao alinyanyuka akaenda kutega sikio kwenye mlango ule. Alisikia maganda ya mbegu yakipasuka. Alirudi akapangusa ubao mwingine, akaenda tena. Kazi ambayo ilikuwa ya asubuhi moja ilimla hadi mchana.

Sakafu ilipokauka alimrudisha ndege mahali pake. Kasuku alikuwa kimya tangu siku ile. Hakuwa amerudia neno lake hata moja, na daktari alikuwa amesema huenda sauti ikarudi, huenda isirudi. Alijitengeneza juu ya kijiti, akamtazama Sabuni kwa jicho moja, halafu kwa jingine. Nje upepo ulinyanyuka. Ulipita kwenye wavu, ukavimbisha pazia, ukafika kwenye tundu, ukaanza kufumua manyoya ya kifua, unyoya kwa unyoya.

Sabuni alikuwa dirishani tayari, mkono kwenye kitasa, hakumbuki alivyofika. Alimtazama ndege. Manyoya yalilala, yakafumuka, yakalala. Ndani ya kifua chake kila kitu kilimwambia kaza mkono, vuta, funga. Alisimama hivyo, kitasa kikimlowa jasho kiganjani, mpaka upepo ukapita wenyewe. Kisha akakiachia, dirisha likiwa wazi, akavuta kiti, akaketi kumngoja Mkunga.